Gari Likiwa kwenye Jeki Hakai Mtu Ndani

Nyie vijana mliorithi kijiwe changu pale Kiboriloni, wiki iliyopita nilipita hapo nikienda sokoni kutafuta ndizi za mtori, nikawaona. Mmoja wenu alikuwa anajaza upepo tairi la lori huku amelikalia. Amelikalia! Simu sikioni, anacheka na mtu wa upande wa pili, na makalio yake yako juu ya kitu kinachoweza kumrusha mpaka Uru. Nikamwita, "Wewe, shuka hapo!" Akanijibu, "Shikamoo bibi, tulia, hizo sheria zako za kizamani." Marahaba yake sikuitoa mpaka aliposhuka.

Mimi nimeziba pancha zaidi ya miaka thelathini. Goti ndilo lililonistaafisha. Siku hizi nikichuchumaa, kunyanyuka mpaka waitwe watu. Lakini mdomo haujastaafu. Kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja, na nitawaambia jinsi sheria hizo za kizamani zilivyomtoa mwanamume mmoja ndani ya gari lake, mbele ya geti aliloapa halitamwona tena. Ila kwanza mnijue mimi Mama Aneth ni nani, maana wengine mnadhani nilizaliwa bibi.

Nilikuwa nauza ndizi mbivu kando ya kijiwe cha Mzee Shabani, fundi wa pancha aliyekuwa anakaa Majengo, asili yake Pangani. Mzee alikuwa na kiuno kibovu. Siku moja akaniomba, "Binti, hebu nishikie hapa." Nikashika. Sikuachia tena, ndizi zikaoza. Baada ya mwezi nilikuwa nabandua tairi kwenye rimu haraka kuliko yeye, na akawa ananitambulisha kwa watu kama mwanawe, ingawa yeye ni Muislamu na mimi Mlutheri wa kwaya.

Wateja ndio walionisumbua. Mtu anashuka kwenye gari, ananiangalia, anaangalia nyuma yangu, anauliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Namwambia, "Umekanyaga spana zake." Anaruka pembeni, anaomba radhi, kisha anauliza tena, "Sasa yeye mwenyewe yuko wapi?" Lo! Wanaume wengine hata pancha ina akili kuwashinda.

Lakini mmoja wa hao aliniokoa maisha. Lililetwa gurudumu la lori, lile la zamani lenye ringi ya chuma inayolibana tairi lisitoke. Ringi hiyo isipokaa sawasawa, upepo ukipanda inaruka, na ikiruka haichagui. Mzee Shabani alikuwa ameniambia mara mia: kabla hujajaza, zungushia mnyororo, funga, halafu kaa mbali, usiikabili ringi. Yeye akaenda msikitini. Mimi nikaona mnyororo ni mzito, nikauacha. Nikabana mpira wa kompresa, nikainama nichungulie kama tairi linakaa vizuri. Hapo akatokea bwana mmoja mwenye tai, akauliza, "Samahani, fundi yuko wapi?" Nikachukia! Nikanyanyuka niende nikamweleze vizuri. Sijafika hatua ya tano, nikasikia PAAA.

Ringi ilipita pale kilipokuwa kichwa changu. Ikapaa, ikatoboa bati la kibanda cha supu cha jirani, ikaingia ndani ya sufuria. Watu wakalala chini. Bwana mwenye tai alikimbia, na mpaka leo sijui pancha yake aliiziba wapi. Mzee Shabani aliporudi aliangalia tundu la bati, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, akauliza swali moja: "Ulifunga mnyororo?" Nikasema sikufunga. Hakunigombeza. Aliniketisha chini mchana kutwa nifunge na kufungua mnyororo kwenye gurudumu tupu mpaka vidole vikavimba. Kwa hiyo ukinikuta nakufokea kuhusu mnyororo, usidhani nina roho mbaya. Nina kichwa, na ninakipenda.

Na hizo kamba zenu mnazosokomeza kwenye tairi kwa sindano, dakika tano mteja ameondoka? Sizikatai. Hiyo ni huduma ya kwanza. Lakini msumari unauona kwa nje, yaliyo ndani huyaoni. Mtu ametembelea tairi halina upepo kutoka Himo, wewe unachomeka kamba unampungia mkono. Libandue! Chungulia ndani. Ukikuta unga mweusi kama masizi, ujue ubavu umejisaga wenyewe, tairi hilo limekufa, mpe mwenyewe pole. Ukitafuta miiba ndani usipapase kwa vidole, vidole si vya kuchezea waya. Chukua soksi kuukuu ya nailoni, ipitishe polepole. Penye mwiba itanasa. Mume wangu alilalamika miaka mingi kwamba soksi zake zinapotea mojamoja. Nilimwambia ni panya.

Petroli je? Enzi zetu pancha ilichomwa: unabana kiraka kwa chuma, juu unawasha moto kidogo, mpira unaiva, unashikana. Siku moja niliona moto umezimika, nikaongeza petroli. Haukuwa umezimika. Nyusi zote mbili zilikwenda, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikajichora nyusi kwa wanja nikaenda kuimba. Mpaka ubeti wa tatu, kwa lile joto, wanja ulikuwa umefika mashavuni. Mchungaji alipofika kwenye habari za wanaolia kwa ajili ya dhambi zao, akaninyooshea mkono kama mfano. Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu, ningefanyaje?

Haya, sasa Godlisteni.

Mimi kwetu ni Old Moshi, kwa hiyo habari za nyumba yao nilizijua kabla hata hawajajua kwamba nazijua. Walikuwa ndugu wawili, Elifuraha mkubwa na Godlisteni mdogo. Baba yao, kabla hajafa, aliwagawia kihamba, shamba la ukoo la migomba, akapanda masale, ile mimea ya majani marefu, katikati yawe mpaka, kama ilivyo kwetu huko juu. Mzee alipozikwa tu, kila mmoja akadai mwenzake amesogeza masale hatua mbili. Hatua mbili! Hapo mgomba mmoja haujinyooshi. Wakatukanana, wakaacha kusalimiana. Godlisteni akahamia Dar, na kila Desemba akija anapita mbele ya geti la nyumbani amefunga vioo, anakwenda kulala ukweni kwake huko juu zaidi.

Mama yao macho yalikuwa yamepungua, lakini masikio yalikuwa mazima. Gari la Godlisteni alilijua kwa mlio. Lilipopita mara ya kwanza bila kusimama, alisema nyama ya Krismasi haitapita kooni kwake mpaka wanawe wote wawili wakae meza moja. Watu walidhani ni hasira, zitaisha. Miaka kumi na miwili mama yule alikaa Krismasi na bakuli la mtori usio na nyama, wajukuu wakila mbuzi. Nilikuwa nikimfikiria nakosa raha.

Basi, asubuhi ya Krismasi moja, nimeshavaa kitenge changu cha kanisani, simu ikaita. Mtu amepasua tairi njia ya kupanda Old Moshi, mafundi wote wamefunga. Nikapanda bodaboda na kisanduku changu, pampu mgongoni. Nafika, nakuta gari limesimama kwenye kona, hatua kumi kutoka geti la Elifuraha. Ndani yake Godlisteni amelaza kiti mpaka mwisho, amejifunika kofia usoni.

"Shikamoo mama," akasema kupitia upenyo wa kioo.

"Marahaba. Mbona umelala, umeumia?"

"Hapana. Fanya haraka tu, nakuomba. Mke wangu na watoto wametangulia ukweni."

Kabla sijagusa tairi nikaanza na barabara. Ni kona, ni mteremko, na magari ya Krismasi hushuka pale kama yanafukuzwa. Pembetatu nyekundu ya tahadhari ameiacha Dar. Nikakata majani kwenye uzio uliokuwa karibu. Mzee Shabani alinifundisha kwamba majani hayatupwi tu barabarani, maana gari la kwanza litayapeperusha. Unayafunga fundo kwenye jiwe la ukubwa wa ngumi. Nikafunga matano. Matatu nikayapanga upande wa chini, mawili upande wa juu, na la mwisho kati ya hayo likakaa mbele ya geti kabisa. Uzio ule ulikuwa wa masale, yale yale ya mpaka wao. Mchagga mzima mimi, nimezaliwa huko huko, na sikuwaza lolote. Akili yangu yote ilikuwa kwenye tairi.

Tairi lilikuwa limechanwa na jiwe, ubavuni, urefu wa kidole.

"Weka kiraka," akasema Godlisteni.

"Ubavu hauwekwi kiraka, mwanangu. Kila gurudumu likizunguka ubavu unanesa. Kiraka kitabanduka, na wewe utabanduka nacho."

"Ni mwendo mfupi. Nitakwenda polepole."

"Hata jeneza huenda polepole. Spea iko wapi?"

Spea ilikuwa na msumari tangu sijui mwaka gani, upepo hakuna. Kuibandua, kuiziba kwa ndani, kuijaza kwa pampu ya mguu: nusu saa. Alipigwa na butwaa kama nimemwambia nusu mwaka. Nikaweka mawe kwenye magurudumu mengine, nikalegeza nati gari likiwa bado chini, nikatega jeki. Kisha nikamwambia ashuke.

"Niache humu, mama. Mimi si mzito."

"Gari likiwa kwenye jeki hakai mtu ndani."

Akaangalia geti. Akanishika mkono kupitia dirishani. "Mama Aneth, nakusihi. Wewe hujui."

"Najua. Shuka."

Nilijua sana anachokiogopa, na nilimhurumia, lakini huruma haishikilii gari. Akashuka. Akasimama amelipa geti mgongo, anaikodolea macho migomba ya ng'ambo kama anaihesabu. Nikapandisha gari, nikatoa tairi bovu, nikalisukumia chini ya gari ili jeki ikiponyoka pawe na kitu cha kulipokea, nikakaa chini na spea yangu.

Sasa ndani ya nyumba, mama yao alikuwa amesikia. Gari la Godi limekuja, na safari hii halijapita. Akamtuma Elifuraha akaangalie.

Elifuraha akatoka na mabuti yake, mzigo wa majani ya ng'ombe begani, kwa sababu ng'ombe hajui Krismasi. Jina lake lina furaha, lakini tangu nimfahamu sijawahi kuiona. Alikuja mdomo umeshafunguka, na hayakuwa maneno mazuri yaliyokuwa yanakuja, niliyaona yakija. Kisha akaliona jiwe mbele ya geti lake, limefungwa jani la isale kwa fundo.

Nyie mliozaliwa mjini labda hamjui. Kwetu, mtu aliyekukosea akija na jani la isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na isale halikataliwi. Bibi yangu alikuwa akisema hata penye damu, likiletwa isale, mikono inashuka. Na anayelileta amekubali kosa ni lake.

Mzigo wa majani ukamdondoka Elifuraha. Akavua kofia.

"Godi," akasema. "Umeleta isale."

Godlisteni akageuka. Akaliangalia jani. Akaniangalia mimi. Mimi nimeibana spea katikati ya magoti, ndio kwanza akili inanifika nilichofanya, nikasema moyoni, Ruwa, Mungu wangu, nimeua!

"Na umelikata mpakani kwetu," Elifuraha akaendelea, akitazama mikato mibichi kwenye uzio. "Miaka yote hii nimeyapanga maneno ya kukufukuzia. Sasa nitakufukuzaje?" Kisha akanigeukia mimi. "Mama Aneth, ni yeye aliyeliweka hapa?"

Ningeweza kumwita kwa heshima ya kwetu nikasema, "Meku, hiyo ni alama ya pancha." Ni maneno mafupi, na ni ya kweli. Lakini nilimwona akilini mama yule na bakuli lake la mtori, nikayameza.

"Meku," nikasema, "mimi naangalia tairi."

Na kweli nilikuwa nalitazama, sikuthubutu kutazama kitu kingine.

Godlisteni angeweza kukana, na angekuwa na haki. Kulikubali lile jani ni kukubali hatua mbili, mbele ya kaka yake na mbele ya fundi wa pancha ambaye wote wanajua mdomo wake. Akaenda mpaka getini, akainama, akaliokota jani pamoja na jiwe lake, akalishika kwa mikono miwili.

"Ni langu, kaka," akasema. "Nipokee."

Nililia. Sifichi, nililia, na mkononi nilikuwa na gundi ya kiraka, nikajipangusa nayo, jicho moja likafumba na halikufumbuka mpaka nilipopata maji ya moto. Kwa jicho lililobaki nikawaona wamekumbatiana, wanaume wawili wazito, mmoja ana jiwe mkononi, wanayumba. Wanayumba kuelekea wapi? Kuelekea gari!

"Kasameheaneni kule!" nikapiga kelele. "Gari liko kwenye jeki!"

Wakasogea kando hawajaachiana, kama kaa.

Kutoka ndani sauti ya mama yao ikaita, "Elifuraha! Ni Godi?"

"Ni Godi, mama! Ameleta isale!"

Naye akajibu: "Muulize kama amekula."

Elifuraha akajifuta uso. Hapo ndipo alipoangalia barabarani, juu na chini. "Na lile pale?" akauliza. "Na lile? Na lile kule?" Akahesabu kwa kidole, macho yakamtoka. "Matano! Godi, moja lingetosha!"

Godlisteni akaligeuzageuza jiwe mkononi. "Sikuwa na uhakika, kaka."

Nilicheka mpaka kiraka kikaniponyoka. Elifuraha tayari alikuwa anashuka barabarani kuyaokota yote ampelekee mama yake. Nikamfokea ayaache, asiguse hata moja mpaka nishushe gari. Akasimama, akanijibu kwa heshima zote, "Mama Aneth, isale haliachwi barabarani likanyagwe na magari."

Mila ni mila, na mimi si mpagani wa kubishana nayo. Lakini kona nayo ni kona. "Basi simama wewe badala yake," nikamwambia.

Mchana ule mama yao alikula nyama mpaka tukaogopa, na mimi nilikaa pembeni yake na jicho langu moja. Lakini nikiikumbuka siku ile naiona zaidi nusu saa ya kabla ya hapo. Mimi nimechuchumaa naziba, mdogo mtu anakanyaga pampu kwa viatu vyake vya Dar, na Elifuraha yuko katikati ya kona na mabuti yake, masale yote matano amekumbatia kifuani, anasimamisha kila gari linaloshuka. Madereva wanatoa vichwa nje, wanamuuliza, "Meku, kuna nini, ajali?"

"Hapana," anawajibu, machozi yanamtoka, "mdogo wangu amerudi nyumbani. Piteni polepole."